Kiti cha Mwisho wa Safu

Watu wa mtaani niliwaambia nimeumizwa na mkokoteni wa maji. Ukweli ni kwamba nilimkwepa paka. Nilikuwa narudi mbio kutoka pwani ya Mama Ngina, jua ndiyo kwanza linachomoza, nikakata kona ya kuingilia barabara ya Ndia Kuu, na huyo paka alikuwa amejilaza katikati ya njia anakula matumbo ya samaki kwa raha zake. Mguu wa kushoto ukabaki, mwili ukaenda. Ndani ya goti nikasikia kitu kikipasuka. Sauti haikuwa kubwa, lakini niliisikia mpaka kwenye meno. Paka hakuinuka hata kunitazama.

Mwanamume mwenye mvi kwenye ndevu anayekimbia Mji wa Kale tayari ni kichekesho cha kutosha. Wenye mabaraza walikuwa wakiniuliza kila asubuhi nimeiba nini. Nikiongeza na habari ya paka, nisingeweza tena kupita njia ile. Ndiyo sababu ya mkokoteni.

Mimi ni karani wa mizigo bandarini Kilindini. Kazi yangu ni kukaa. Nimekaa miaka mingi kiasi kwamba kiti changu cha ofisini kimepata shimo la umbo langu, na mezani hapakosi chai ya maziwa na mahamri. Siku moja daktari alinipima presha, akaitazama mashine, akanifunga upya ule mkanda wa mkononi, akapima tena. Kisha akaniuliza baba yangu alikufa kwa maradhi gani. Nikamwambia baba alipooza.

Baba alilala katika chumba cha ndani cha nyumba yetu tangu mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani mpaka nikaota ndevu. Aliyemwosha, akamlisha kwa kijiko na kumgeuza ubavu ni kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa fundi wa kushona kanzu. Aliiweka cherehani yake mlangoni pa chumba kile ili aweze kushona na kusikia akiitwa, na kwa cherehani hiyo akanisomesha. Mpaka leo akinikoholea, mimi husimama wima. Baba alikuwa na umri kama wangu alipoanguka. Kwa hiyo daktari aliponiambia nifanye mazoezi nilianza kukimbia siku ya pili yake, na nisiseme uongo, sikukimbia kwa kupenda. Nilikuwa nakikimbia kile chumba.

Sasa nikajikuta na goti limefura kama embe bolibo, na presha yangu ikinisubiri.

Hospitalini nilikabidhiwa kwa binti mmoja mtaalamu wa viungo, Mgiriama wa kutoka Kaloleni, msalaba mdogo shingoni na mikono migumu kama ya hamali. Alinilaza, akalivuta goti huku na huku, akasema kipande cha ndani kimechanika. Kitapona nikikiheshimu. Nisikimbie. Nisichuchumae. Nisipige magoti. Nisilikunje mpaka mwisho hata mara moja, mpaka aniruhusu yeye.

"Na swala?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, ninawatibu watu wa Mombasa kila siku. Kaa kwenye kiti."

"Na presha je? Nikikaa itapanda."

"Kilichoumia ni goti, moyo ni mzima. Tutaufanyisha moyo kazi."

Na kweli aliufanyisha. Alinipa soksi iliyojazwa mchanga, niifunge kifundoni, nikae, niunyooshe mguu na kuuinua. Nilifanya hivyo nyumbani, nikafanya na ofisini chini ya meza huku nikizungumza na madereva wa malori, na hawakujua kwa nini uso wangu unakunjamana. Nilisukuma ukuta. Niliinua madumu ya maji kwa mikono mpaka mke wangu akaniambia, madhali nimeyashika, niyapandishe juu kabisa jikoni.

Lakini dawa yenyewe ilikuwa bahari. Binti yule alinifundisha kukimbia majini. Unajifunga dumu tupu kiunoni, unaingia pasipofikika chini, na unakimbia papo hapo, wima, mguu unapiga maji bila kugusa kitu. Goti halikunjwi sana wala halibebi uzito. Moyo unakwenda mbio kweli kweli. Ikawa kila maji yakijaa asubuhi nashuka zile ngazi za pwani chini ya mji, vijana wanapiga mbizi kutoka juu, na mimi hapo kati na dumu langu la mafuta ya kupikia, ndevu zimelowa, natimua mbio nisifike popote. Walinicheka sana. Nami nilijicheka. Ila nilipotoka majini na kusikia kifua kinafanya kazi, nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha. Nilijiambia, bado sijalala.

Msikitini sikuwa na furaha hiyo. Viti vya plastiki vya wagonjwa vimepangwa karibu na mahali pa kuwekea viatu, na siku ya kwanza nilikichukua kimoja huku nikitazama chini kama mwizi wa ndala. Nilikiweka mwisho wa safu ya kwanza, kulia, karibu na ukuta. Nilisimama panapotakiwa kusimama, lakini wenzangu walipokwenda chini kusujudu mimi nilikaa nikainamisha kichwa kwa ishara. Mzee mmoja wa kitini alinikaribisha kwa kunong'ona, "Karibu huku kwetu tunaongoja safari." Hakuwa na ubaya, lakini maneno hayo nilirudi nayo nyumbani.

Kaka yangu mahali pake ni nyuma ya imamu, karibu na nguzo. Tangu utoto wangu tumesimama hapo bega kwa bega. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yamechoka zamani. Akiinuka kutoka sijida ulisikia mifupa ikilia. Aliwahi kuletewa kiti na kijana mwenye adabu zake, akakisukuma kwa mguu na kusema kiti ni cha mgonjwa. Mara nyingine mtu alimshika kwapa ngazini, naye akaupiga ule mkono kibao. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Siku nilipokaa mimi aliniangalia mara moja baada ya salamu, akageuka, akaendelea na tasbihi yake.

Mji wetu hauna siri. Haikupita muda kaka akaambiwa kwamba mgonjwa wa kitini kila siku yuko pwani anacheza maji. Hakuamini mpaka aone. Asubuhi moja nikiwa kwenye mbio zangu za majini nikamwona juu ya ngazi, kanzu nyeupe na bakora, ametulia ananitazama. Na mimi kwa ujinga wangu nikampungia mkono.

Alasiri yake aliniita barazani kwake.

"Nimekuona kwa mato yangu," akasema. "Wapiga maji kama kijana wa miaka ishirini. Goti la pwani lipo, la kumsujudia Mola halipo?"

"Kaka, majini mguu haukunjwi. Kinachokatazwa ni kukunja."

"Mimi sikusomea udaktari. Namjua mgonjwa. Baba alikuwa mgonjwa. Alikuwa akiswali kwa kufumba na kufumbua mato, kwa kuwa hakusaliwa na kingine. Wewe una mikono, una miguu, watoka mbio pwani, kisha waja kunikalia kitini mbele za watu. Wataka waseme mimi nimelea mtu wa namna gani?"

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba bila yale maji ndiyo nitakuwa baba, na kwamba yeye katika watu wote alipaswa kujua. Lakini kaka yangu huwa simjibu. Nikasema, "Haya, kaka," nikaenda zangu.

Kibaya ni kwamba maneno yake yaliniingia. Nilipofika nyumbani nilitandika msala, nikafunga mlango, nikajaribu. Niliteremka polepole, goti likakubali, likakubali, halafu likanasa. Halikwenda mbele wala halikurudi. Mke wangu alinikuta nimeng'ang'ania mguu wa kitanda, jasho linanitiririka. Alinisaidia kulinyoosha goti, na nilipokwisha kutulia akasema.

"Siku ukilala wewe, wa kukugeuza ubavu ni mimi. Si kaka yako. Basi nisikilize mimi."

Nikarudi kitini. Kaka akaninunia. Salamu alijibu, maana salamu ni wajibu, lakini hakuongeza. Kila Ijumaa baada ya swala tulikuwa tukila pilau kwake, sinia moja. Ijumaa ile sikuitwa, na iliyofuata pia sikuitwa. Mke wangu alipika nyumbani na alijitahidi, lakini nilikula kama niliyefiwa. Hospitalini wakanipima presha na kuniambia imeshuka, inapendeza, nikaze uzi hivyo hivyo. Zamani habari kama hiyo ningemkimbilia kaka nayo. Nilipita mbele ya baraza yake, nikatoa salamu, akajibu, nikaenda.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, swala ya alasiri, joto limekaza na mapangaboi yanazunguka bila faida. Kaka alichelewa. Mtu ambaye alikuwa akifika kabla ya mwadhini aliingia takbiri imekwisha kusomwa, anahema, na mahali pake karibu na nguzo palikuwa pamejaa. Nafasi iliyosalia safu ya kwanza ilikuwa moja, kushoto kwa kiti changu. Alisita. Kisha akaja akasimama hapo.

Rakaa ya kwanza aliinuka kwa shida. Rakaa ya pili tulikaa tahiyatu, na imamu alipoleta takbiri ya kusimamia ya tatu, watu wote wakainuka, na mimi pia nikainuka. Kaka hakuinuka.

Katika swala macho yanatakiwa yatazame mahali pa kusujudia, na wenzangu walikuwa wakitazama hapo. Labda waliona, labda hawakuona. Hata aliyeona alikijua kile kibao cha ngazini. Mimi nilimwona kwa pembe ya jicho. Viganja viwili vimekita juu ya zulia, mgongo unapanda, unatetemeka, unashuka tena. Akapumzika. Akajaribu tena, akashuka tena. Nikasikia pumzi yake, fupi fupi, ya mtu anayejizuia asisikike.

Nilitaka kumpa mkono, nikaogopa. Naona haya kusema, lakini niliogopa atanipiga kibao mbele ya safu nzima. Kisha nikaona mkono wake unapapasa upande wangu unatafuta mguu wa kiti. Kile kiti ni chepesi, cha plastiki, na mtu akikivuta kitamwangukia. Basi nikakaa. Nilitakiwa niwe nimesimama, lakini nilikaa kwa uzito wangu wote ili kiti kisiteleze. Mkono ukapapasa, ukapita ukingo wa kiti, ukalikuta goti langu. Goti la kushoto.

Akalishika. Akatia juu yake uzito wake wote.

Sijui niseme nini kuhusu maumivu yale. Nilikuwa ndani ya swala, siwezi kupiga ukelele, siwezi kumwambia subiri, shika hapa badala ya pale. Niliuma meno. Machozi yalinitoka yenyewe. Kaka akapanda taratibu, vidole vyake vimezama pande mbili za goti, na kila alipopanda kidogo nilisikia kile kipande cha ndani kikisagika. Akasimama. Akafunga mikono kifuani. Imamu alikuwa amekwisha kurukuu.

Ikaja ya nne. Safari hii hakupapasa, mkono ulikuja moja kwa moja. Nilikuwa nimewahi kuweka kiganja changu juu ya goti, akashika kiganja, tukapanda hivyo, vidole vyangu ndani ya vyake. Sikumbuki kama tumewahi kushikana mikono namna ile tangu siku aliponipeleka chuoni mara ya kwanza.

Baada ya salamu hakunitazama usoni. Alilitazama goti. Kisha akachukua bakora yake, akatoka bila kuomba dua. Mimi sikuweza kuinuka. Nilibaki pale mpaka msikiti ukawa mtupu na mhudumu akaja kuzima mapangaboi, akaniuliza kama kuna jambo. Nikamwambia najipumzisha.

Binti wa viungo alinigombeza kama mtoto. Alidhani nimechuchumaa, nikakana. Alidhani nimekimbia, nikakana. "Basi ni nini?" akauliza. Nikamwambia mtu alikuwa anaanguka akalishika. Aliguna. Akanirudisha nyuma mwanzo kabisa, soksi ya mchanga na barafu, na bahari marufuku mpaka uvimbe uishe. Presha ikapanda. Nilikuwa nikipita mbele ya kile chumba cha ndani, ambamo siku hizi tunaweka magunia ya mchele na feni mbovu, na kila nikipita nageuza uso.

Na kaka hakuonekana msikitini. Si alfajiri, si magharibi, hata Ijumaa. Watu waliniuliza mimi, kwani wamuulize nani? Nikasema ana mafua. Walipouliza tena nikasema mafua mabaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga wamesema, lakini hawakusema inakuwaje kwa anayeficha maradhi ya mwenziwe. Hatimaye nikaenda kwake. Nilipanda ngazi zake kwa upande, mguu mmoja mmoja, nikijishika ukutani. Shemeji alinifungulia, akanionyesha juu kwa kidevu tu, macho yake mekundu.

Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Msala ulikuwa umetandikwa karibu kabisa na kitanda, na nguzo ya kitanda ilikuwa imeng'aa mahali pamoja kwa kushikwa. Nikaelewa anaswalije.

"Goti lako wajionaje nalo?" akauliza. Tangu niumie hakuwahi kuuliza.

"Limefura kidogo, kaka."

"Ni mimi."

 Nikakaa karibu naye, mguu nimeunyoosha, na yeye wake ameunyoosha, wote wawili tukitazama dirishani.

"Tangu lini, kaka?"

"Tarawehe za mwaka jana ndizo zilizonimaliza. Nikasema Ramadhani ikisha magoti yatapoa. Hayakupoa." Akalisugua goti lake. "Nilipokuona wewe kitini nilishikwa na khofu. Wewe ni mdogo wangu. Wewe ukikaa, mimi ni wa kulala. Nami nakujua kulala kulivyo. Nimekuosha kwa mikono hii."

Alisema hivyo, kukuosha, kana kwamba kulala ni mtu. Mikono yenyewe ilikuwa juu ya mapaja yake, vidole vimepinda kwa miaka ya sindano. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayekikimbia kile chumba. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyeshinda ndani yake ndiye anayekiogopa zaidi. Nilimwambia arudi msikitini, viti viko vingi, hakuna atakayesema.

"Watasema."

"Waseme."

"Wewe ulisemwa na mimi nduguyo," akasema. "Ulionaje?"

 Shemeji alileta kahawa, tukanywa. Nilipojizoazoa kuondoka akaniita nikiwa mlangoni, na akasema bila kunitazama.

"Hicho kiti chako. Siku ukipona, usikirudishe kule kwenye viatu. Wala usiniwekee. Kiache tu hapo mwisho wa safu, kama uliyesahau."

Tangu siku hiyo kupona kwangu kukawa na uzito mwingine. Nilifanya mazoezi yangu yote, nikarudi majini na dumu langu, vijana wakanishangilia, na uvimbe ukaisha. Lakini kila goti lilipokunjika zaidi kidogo nilijua ninamkaribisha kaka yangu kitini. Kuna asubuhi nilitamani lichelewe. Binti wa viungo alipolikunja lote mpaka kisigino kikagusa tako, akasema, "Haya mzee, kasujudu," mwenyewe amefurahi, mimi nilimshukuru nikatoka nje nikasimama kwenye jua kwa muda, sijui niende wapi.

Sikuwahi kumtumia kaka ujumbe. Shemeji alipata habari kwa mke wangu, kama habari zote zinavyokwenda.

Ijumaa nilifika mapema. Kiti kilikuwa pale mwisho wa safu. Nilikiacha, nikasogea nikasimama karibu yake, bega kwa bega na mtu wa kushoto, na upande wa kulia pakabaki kiti kitupu na ukuta. Msikiti ukajaa. Hotuba ikaisha, swala ikakimiwa, imamu akaleta takbiri. Wakati wa kusoma Fatiha nikasikia bakora ikilazwa chini taratibu kulia kwangu. Sikugeuka. Tukarukuu, tukainuka, na tulipokuwa tukishuka kusujudu nikasikia plastiki ikilia kwa uzito wa mtu.

Goti langu lilikunjika lote, bila maumivu hata kidogo. Paji la uso likagusa zulia, na ile furaha niliyoingoja miezi yote haikuja.